Mji wa Ukutani kwa Mama Noi

Wasifu wa Elija ulisomwa na shemeji yake mwenye sauti ya mtangazaji, katika kanisa moja la Wakenya kule Alief, Houston, na miaka yangu pamoja naye ikapita ndani yake kwa pumzi moja. "Alipofika Amerika aliishi kwa muda Fort Worth na marafiki." Basi. Kutoka hapo akahamia Houston, akapata kazi ya ufamasia, akamwoa Peris, akajaliwa watoto, akalitumikia kanisa. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, nimetoka Haltom City alfajiri kwa gari langu mwenyewe, na niliposikia neno hilo marafiki nikatabasamu vile mtu anavyotabasamu akikanyagwa mguu na mgeni wa heshima. Marafiki wenyewe ndio mimi. Rafiki aliyemfulia, akampikia, akalala naye godoro moja sakafuni, akaweka shule yake kando ili yeye amalize ya kwake. Watu waliponiona pale walinipa pole wakidhani nimekuja kuomboleza. Nilikuwa nimekuja kuhakikisha.

Baada ya ibada tukaingia ukumbini kula. Yalikuwa matanga ya Wakenya wa Texas kama yalivyo yote: mbuzi kwenye sinia za karatasi ya fedha, chapati zimekunjwa robo, chai kwenye machupa makubwa, watoto wanaulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, na ukutani picha za marehemu zinapita moja moja. Elija na joho la kuhitimu. Elija na mtoto mchanga. Elija na gari jipya, mkono juu ya boneti. Nilikuwa natafuna bila haraka, moyo wangu umetulia kabisa, mpaka ilipokuja picha ambayo watu wengine hawakuitazama mara mbili. Elija ameota mvi, ameketi kwenye stuli ya plastiki kando ya mkokoteni wa chakula, mabakuli mawili mbele yake. Nyuma yake kuna mnara wa saa wa rangi ya manjano, na upande wa mnara unaotuelekea hauna saa, ni ukuta mtupu. Nikairudisha chapati kwenye sahani. Mji ule sijawahi kuukanyaga maishani mwangu, lakini naujua kuliko ninavyoujua mji niliozaliwa. Niliufahamu mnara, niliufahamu mkokoteni, na niliweza kumwambia mtu yeyote mle ukumbini kwamba ukiupa mnara mgongo na kutembea mpaka kwa kinyozi, kona ya kushoto utamkuta mama anayeponda papai bichi.

Tulianza mwaka wa tisini na nane. Ya kwetu na ya kwao nayaacha, kila mtu ana kwao. Tulikutana hapahapa Amerika, tukaanza kuishi pamoja bila mahari na bila kasisi, mtindo wa njoo-tukae, tukiahidiana kwamba mambo ya wazee yatafuata tukipata nafasi. Tulipanga chumba kimoja na sebule huko Haltom City, kandokando ya Fort Worth, nyuma ya duka la matairi, zulia la kahawia lenye harufu ya mbwa wa mpangaji aliyetangulia. Meza yetu tuliiokota kando ya pipa la taka, ikawa meza ya kulia, ya kupigia pasi na ya kusomea. Makubaliano yalikuwa mepesi. Elija asome ufamasia kwanza, mimi nifanye kazi katika nyumba ya wazee, kuwaosha na kuwalisha, shifti mbili ikibidi, halafu yeye akishaanza kazi, mimi niingie shule ya uuguzi. "Zamu yako inakuja, Rhoda," alikuwa akiniambia nikivua viatu na miguu imevimba. Alilisema vizuri sana. Hata leo nikilikumbuka nasikia vile sauti yake ilivyokuwa inashuka kwenye neno zamu, na nataka kurusha kitu.

Mkahawa wa Mama Noi tuliupata kwa sababu ya nguo chafu. Ulikuwa umebanwa kati ya dobi ya mashine za sarafu na duka la kutuma pesa, na siku moja tukingoja nguo zikauke, harufu ikatutoa nje. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, kutoka mji mdogo wa reli huko Thailand, mji ambao jina lake tulijaribu kulitamka akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Jina lake yeye ni Noi. Sisi Wakenya hatuwezi kumwita mtu mzima jina tupu, kwa hiyo tukamwita Mama Noi, na ingawa hakuwa na mtoto alilipenda, akaanza kujiita hivyo kwenye simu. Meza zilikuwa chache, vitambaa vya plastiki vya maua, na ukuta wote wa upande mmoja alikuwa ameuchora mji wao kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka nyumba. Alikuwa hajui kuchora. Watu walikuwa wakubwa kuliko milango na treni ilikuwa na macho. Lakini kila mahali panapouzwa chakula kizuri alikuwa amechora bakuli dogo jekundu, na jioni ambayo wateja walikuwa wachache alikuja na kijiti chake cha kulia akatuonyesha bakuli moja baada ya jingine, kama mwalimu ubaoni.

Asubuhi, alisema, ukishuka stesheni usivuke barabara. Palepale kwenye jukwaa kuna dada wawili wanauza uji wa mchele wenye tangawizi na nyama ya kusaga, na hawasemezani, kwa hiyo ukinunua kwa mmoja kesho ununue kwa mwingine. Jua likipanda kidogo nenda kwenye mnara wa saa, pale kwa mzee mwenye mkokoteni. Tambi zake za mchele ni nyembamba, mchuzi umechemka mifupa tangu usiku, na sufuria ikiisha anaondoka hata kama umesimama na bakuli mkononi. Mnara wenyewe una saa pande tatu tu. Wa nne unatazama hekalu, na Mama Noi alisema watawa hawana haraka. Mchana ni papai bichi lililopondwa kinuni na pilipili, pamoja na wali wa kunata unaofinyangwa kwa vidole. Hapo Elija alipiga meza kwa furaha, kumbe kuna watu wengine duniani wanaokula kwa mkono kama sisi na ugali. Jioni ni samaki wa kuchoma aliyepakwa chumvi nje, kando ya bwawa. Na ile hoteli ya barabara kuu yenye menyu ya Kiingereza, hiyo aliikunjia uso, hakuichorea bakuli.

Sasa, juu ya kila meza kulikuwa na vikopo vinne: sukari, mchuzi wa samaki, pilipili ya kusaga, na siki yenye vipande vya pilipili mbichi. Sisi hatukuvigusa. Kwetu, mtu akikupikia ukaongeza chumvi mbele yake, umemtukana. Umemwambia hajui kupika. Mama yangu mzazi alikuwa hata haweki chumvi mezani. Kwa hiyo majuma na majuma tulikula zile tambi vilevile zilivyoletwa, zimepooza, tukishukuru kwa adabu, tukiulizana njiani kwa nini harufu ni nzuri na ladha haipo. Na Mama Noi naye, nyuma ya kaunta, alikuwa anaumia. Baadaye alikuja kutueleza. Kwao mpishi hulileta bakuli halijakamilika kwa makusudi, na mlaji ndiye anayelimalizia kwa ulimi wake mwenyewe. Mtu asiyegusa vikopo ni mgonjwa, au ana huzuni, au amechukia chakula na anaona haya kusema. Alikuwa ametuona wote wawili, jioni baada ya jioni, tukila kama wafungwa, na akaamini tuna msiba. Siku hiyo alivuta kiti, akasukuma vikopo katikati, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika kwamba hatatoka hapo mpaka tumalize kupika.

Elija akatia pilipili na siki, sukari hakuigusa, maana kwao kisukari kilikuwa kimemaliza wazee na yeye aliiogopa kama nyoka. Mimi nilitia mchuzi wa samaki kidogo, halafu sukari vijiko viwili vilivyojaa, kama ninavyotia kwenye chai. Mama Noi akafumba macho. Alisema hata watoto wa mji wao hawafanyi hivyo, na kwamba yule mzee wa mnarani angeninyang'anya bakuli. Elija alicheka akaniuliza kama nakunywa chai au nakula tambi. Lakini nilipoonja, jamani, ilikuwa ndiyo yenyewe. Tangu siku hiyo nikichelewa kutoka kazini, Elija alikuwa akitangulia na vitabu vyake kwa Mama Noi, anasoma pale mezani, na akiona gari la mwenzangu wa kazini linaniteremsha anaanza kunitengenezea bakuli. Naingia nalikuta la moto, vijiko vyangu viwili vimeshayeyuka. Hakuwa mtu wa maneno matamu, wala hakujua kununua maua. Mimi niliona lile bakuli, nikaridhika kwamba napendwa, na mpaka leo sijapata sababu ya kusema nilikosea.

Na tulikuwa na mchezo wetu. Usiku joto la Texas likigoma kutoka chumbani, au kwenye foleni ya duka, Elija alikuwa akinigeukia ghafla na kuuliza, "Tumeshuka stesheni. Tunakula wapi?" Na mimi nilipaswa kujibu: leo ni zamu ya dada wa kulia, jana tulinunua kwa wa kushoto. Nikikosea kona ananirudisha stesheni tuanze upya. Safari hiyo ilikuwa ya kweli. Tuliipanga iwe baada ya yeye kuhitimu na kabla ya mimi kuanza masomo, mapumziko kati ya zamu yake na zamu yangu. Hatukufanya harusi, kwa hiyo ile ingekuwa harusi. Nilimwambia Mama Noi, akaniandikia salamu za kumpelekea yule mzee, kwa herufi zao, nyuma ya kitambaa cha karatasi. Nilikuwa nikiosha mgongo wa bibi mmoja aliyekuwa ananiita kwa jina la mtumishi wake wa zamani, na kichwani natembea kutoka stesheni kwenda mnarani. Safari hiyo ndiyo iliyonifikisha mwisho wa shifti.

Jumamosi moja tulialikwa Carrollton kwa Wakenya wenzetu waliokwishajipanga, nyumba ya ghorofa na nyasi zilizonyolewa. Wanaume walikuwa nje na nyama, sisi wanawake jikoni na kachumbari, na dirisha la juu ya sinki lilikuwa wazi. Mmoja alimuuliza Elija atafanya harusi lini na huyu msichana. Nilisimamisha kisu. Elija alisema, "Nani, Rhoda? Ah, huyo ananishikilia tu mpaka nisimame." Wakacheka, si kicheko cha ubaya, kicheko cha watu wanaojua mambo. Mwenye nyumba aliyekuwa anakata nyanya kando yangu aliniangalia, akafungua maji ya bomba kwa nguvu ili nisisikie zaidi, na kwa hilo namshukuru. Nilijiambia wanaume hujipiga vifua wakiwa pamoja. Tukirudi kwa gari aliniuliza mbona nimenyamaza, nikasema kitunguu. Kisha akauliza, tumeshuka stesheni, tunakula wapi, na nikajibu. Nilijibu vizuri kabisa, bila kukosea hata kona moja.

Alihitimu. Akapata kazi Houston. Akasema atatangulia, mimi nibaki nimalizie mkataba wa nyumba, kisha atakuja kunichukua. Alipakia gari, lile moja tulilokuwa nalo, akachukua pasi na redio, meza akaniachia. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye Jumapili, baadaye nikipiga mimi. Kisha simu ikawa inajibiwa na mashine. Yaani aliniacha kwa mataa, kama tunavyosema kwetu, na sikuachwa kwa ugomvi wala kwa neno lolote. Niliachwa kama mtu anayesahauliwa dukani. Habari za harusi yake nilizipata kanisani kutoka kwa mtu aliyedhani najua, akaniuliza kama nitaimba kwaya. Nilijikaza kisabuni mpaka mwisho wa ibada, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Noi nikaketi meza yetu. Alileta tambi. Sikugusa vikopo. Akasimama akanitazama, na safari hii alikuwa hajakosea, nilikuwa na msiba kweli. Alinitilia sukari yeye mwenyewe, vijiko viwili, yeye aliyekuwa akifumba macho. Baadaye alipokuja kuchukua bakuli aliuonyesha ukuta kwa kidevu akasema, "Mji haujaenda popote. Nenda."

Sikwenda. Watu wangependa kusikia kwamba nilikwenda peke yangu nikaketi chini ya mnara nikapona. Nilisoma uuguzi kwa jasho langu, hakuna aliyenishikilia, nikapata pasipoti, nikapata likizo, nikaenda hata mahali ambapo sikuwa na haja napo. Kwenye mji ule wa ukutani sikuweza. Ule mchezo ulikuwa wa watu wawili, na nilikuwa na ujinga fulani kichwani kwamba yule mwenzangu, hata kama alichukua vyote, ule mji hatauchukua, kwamba kuna kitu kimoja angeona aibu kukigusa. Mama Noi alifunga mkahawa miaka mingi iliyopita na ukuta ukapakwa rangi nyeupe; sasa wanauza simu. Ile salamu ya mzee wa mnarani bado ninayo. Elija akafunga mizigo akaenda bila salamu, akaketi kwenye stuli ya plastiki, akapigwa picha.

Peris alikuwa akizunguka ukumbini na chupa ya chai, akikataa kukalishwa, kama wajane wanavyofanya siku za kwanza wakiogopa kutulia. Ni mwanamke mpole, na nilikuwa nimeomba asiwe mpole. Alipofika kwangu alisema asante dada kwa kuja mbali hivyo, akaniuliza nilimfahamu marehemu wapi. Nikamwambia Fort Worth. Akasema, "Ah, nyinyi ndio wale marafiki wa Fort Worth," akaketi kando yangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kuvua kiatu kimoja. Picha zilikuwa zimezunguka zikaanza upya. Niliuliza, kama mtu asiye na neno, pale penye mnara wa manjano ni wapi.

"Thailand," akasema. "Mimi nilitaka bahari, yeye akanipeleka kimji hakina kitu. Treni usiku mzima. Kushuka tu stesheni akaniuliza, tunakula wapi? Sasa mimi nitajuaje, aki? Nikamwambia si uulize watu. Alafu akaanza kutembea, kona hii, kona ile, hakuuliza mtu, na hakuwa amewahi kufika. Nikamuuliza umejuaje, akasema alisoma kwa kitabu fulani zamani."

Alicheka kidogo akapangusa pua. Nilimuuliza kama chakula kilikuwa kizuri. Sijui kwa nini niliuliza, au najua. Peris akatikisa kichwa. Alisema kwamba Elija, mtu aliyekataza sukari nyumbani hadi watoto wakawa wanaificha, alichukua kikopo palepale mkokotenini akamtilia vijiko viwili vilivyojaa ndani ya mchuzi wa tambi, bila kumuuliza, eti ndivyo zinavyoliwa hapo. Ilikuwa mbaya mpaka akataka kutapika. Yule muuzaji mwenyewe alishangaa. "Na yeye ananiangalia tu mdomoni," alisema Peris, "anangojea nifurahi. Nikakula yote, dada. Alinitazama hivyo nikaona siwezi kuacha."

Mbele yetu picha ile ilikuwa imerudi, mabakuli mawili, na sasa niliona kwamba moja lilikuwa upande wake na jingine limesogezwa mbele kwa mtu aliyeshika kamera. Miaka yote hiyo nilidhani alinisahau, na nilikuwa nimeshajifunza kuishi na kusahauliwa. Kumbe hakusahau hata kijiko. Alikumbuka kila kitu, akakichukua, akampa mtu mwingine, na mimi mwenye kitu akaniita kitabu. Hasira iliyonipanda ilikuwa mpya kabisa, kama mkate unaotoka tanurini, na marehemu alikuwa ameshafungwa ndani ya sanduku, hawezi kuulizwa.

Peris akavaa kiatu chake, akachukua kikombe safi, akanimiminia chai. Akavuta bakuli la sukari karibu.

"Nikuwekee ngapi?"

"Viwili," nikasema. "Hata kwenye tambi huwa natia viwili."

Mkono wake ukasimama juu ya bakuli. Alinitazama, akaitazama picha, akanirudia, na nikamwona akishuka stesheni upya, akipita kila kona polepole mpaka akafika mnarani. Mimi sikumsaidia. Halafu akachota kijiko cha kwanza, akachota cha pili, akakoroga mpaka ikayeyuka yote, akanisukumia kikombe.